Kidonge cha Asubuhi

Bi Kuruthumu alibana mapaja nyuma ya meza ya vitenge, akajifanya anakunja doti. Kidonge cha presha alikimeza alfajiri kama alivyoagizwa, na sasa kilikuwa kinafanya kazi yake.

Mwezi mzima alikuwa akikimeza jioni, siku nyingine akikiacha kabisa, mpaka alipoanguka sokoni Mchikichini. Kule kliniki nesi Severa alimkemea mbele za watu. "Mama, presha yako inapanda asubuhi, na dawa ya jana inakuwa imeshaisha nguvu. Meza ukiamka. Tena hii inatoa maji mwilini, ukimeza usiku hutalala. Kwani asubuhi una nini?"

Aliona haya kumjibu kwamba asubuhi yuko dukani kwa Zahoro.

Zahoro, mwenye duka, rika la kitindamimba wake, hakuwa mtu wa matusi. Kila siku alimwamkia shikamoo. Ila alishika mwiko wa marehemu baba yake: kabla duka halijauza cha kwanza, muuzaji hatoki. Akitoka, ametoka na riziki ya kutwa.

"Baba, nikimbie chooni mara moja," Bi Kuruthumu aliomba.

"Hatujauza, mama yangu. Mvumilivu hula mbivu."

Mbivu za nani, hakusema.

Akaingia mteja, dada mmoja asiye na haraka. Akataka cha bluu, kisha cha kijani, kisha kile cha juu kabisa. Bi Kuruthumu akanyoosha mikono kukishusha, na mkojo ukamponyoka. Ulimshuka miguuni, wa moto, ukajaa kwenye kandambili. Aibu ilimshika hadi masikio yakaziba. Akaendelea kukunjua kitenge, upindo wake ukiburuzika kwenye majimaji ya sakafuni, maana mikono haikujua jingine la kufanya.

"Mama, mbona upindo umelowa?" dada aliuliza.

"Paa linavuja, mwanangu."

Nje jua lilikuwa linawaka. Yule dada akatazama dari, akatazama sakafu. Akachukua kingine, kikavu, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Zahoro alizigusisha noti kwenye majora moja baada ya jingine, kuyatia baraka, uso umemkunjuka. "Alhamdulillahi. Haya mama, tumeuza. Sasa nenda chooni."

Bi Kuruthumu hakusogea. Alisimama palepale, kakishikilia kile kitenge kilicholowa mbele ya magoti.

"Nenda, mama," Zahoro alirudia kwa upole. "Mimi si mtu wa kumnyima mtu choo."