Jiwe la Baba Mkwe

Mama mkwe hakubisha hodi. Aliingia chumba cha kusafishia visukuku, viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, akaketi, mkoba mapajani.

"Kadi iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kadi."

Mkaza mwana aliiweka sindano chini. Mezani lilikuwapo jiwe ambalo marehemu baba mkwe alilichimbua mwenyewe ujanani: amonaiti, jamaa ya pweza na ngisi, aliyejijengea gamba la kujiviringa akatoweka duniani kabla ya binadamu. Jumba la makumbusho lilikubali kuliweka kwenye kabati la kioo, kwa jina la marehemu. Ilibaki sahihi ya msafishaji tu kwenye kadi ya maelezo, na msafishaji ndiye yeye.

"Siwezi kutia sahihi," alisema. "Wapo wawili."

"Wawili nani?"

"Amonaiti. Hii mistari ni kuta za vyumba vya ndani ya gamba, na kila aina ina yake. Huku nje imechanjika kama jani lililoliwa na viwavi. Hapa katikati ni mawimbi matupu. Mtu amebandika kitovu cha mwingine kwa gundi."

Mama mkwe alicheka cheko kavu. "Chumvi kwenye mchuzi huijui, kasoro za jiwe unaziona! Kwa hiyo mume wangu alikuwa mwongo?"

"Sijasema ni baba."

"Basi nani?"

Kwa kibanio mkaza mwana alichomoa uzi uliogandia kwenye gundi, akaulaza juu ya karatasi nyeupe. Sufu nyekundu; ileile anayofumia mama mkwe vitambaa vya kufunika kila kitu nyumbani kwake, hata redio.

Mama mkwe aliutazama mpaka mkoba ukamteleza mapajani.

"Liliniponyoka nikifuta vumbi. Marehemu alikuwa safarini. Mchonga mawe akanipa kitovu kingine, nikakibandika. Mwenyewe alilishika miaka thelathini asigundue. Wewe siku mbili!"

"Nitaandika tu kwamba lilivunjika, likaungwa. Jina la baba litabaki."

"Wanangu watauliza nani alilivunja. Nawe huna kifua."

"Mama..."

"Mama yako yuko kwenu." Alilitia jiwe mkobani, zipu ikakwama, akaivuta kwa hasira. "Jumapili mumeo aje peke yake. Na akijua sababu, nitajua nani kamwambia."

Mlango ulibamizwa, sindano zikaruka mezani.

Msimamizi wa makumbusho alichungulia. "Jiwe liko wapi?"

"Familia imebadili nia," alisema mkaza mwana, akaufuta ule uzi kwa kiganja, ukaangukia kwenye ndoo ya vumbi la mawe.