Moto wa Makombo

Siku ile mwenye mgahawa alipokuja kuutazama moto, ua mzima ulijaa watu, na aliyekosa kuhudhuria alikuwa moto mwenyewe.

Wapangaji wote walitoka vyumbani mwao, wengine na viti kabisa, kwa sababu kila mmoja alijiona ana hisa katika shughuli ile. Ni maganda yao, makombo ya sahani zao na ukoko wa masufuria yao vilivyojaa ndani ya lile pipa kubwa la bluu lililosimama karibu na bomba la maji. Juu yake lilielea pipa dogo zaidi, limepinduliwa, mdomo chini. Makombo yakioza huko ndani hutoa gesi, gesi hulisukuma pipa dogo juu, na mpira mwembamba huichukua gesi hiyo hadi kwenye jiko. Hivyo ndivyo Fundi Bomba alivyowaeleza, na alieleza vizuri, maana kwa kueleza hakuwa na mpinzani.

Akafungua koki, akachutama, akawasha kiberiti. Njiti ikawaka, ikateketea, ikamchoma kidole. Ya pili ikafanya vivyo hivyo. Ya tatu ilizimwa na upepo wa jiko lenyewe, na kinyozi wa chumba cha mwisho akasema angalau pipa limejifunza kupuliza. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetamani ardhi ipasuke.

Mke wake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai tayari mkononi, limejaa maji, kwa sababu ndilo lililopangiwa kufungua dimba. Wapangaji walimwita Mama Sabuni. Kazi yake ilikuwa usafi wa wodi hospitalini, na usafi huo alirudi nao nyumbani kila jioni: alipiga deki chumbani kwake, akaendelea ukumbini, na asipozuiwa alimalizia mlangoni kwa jirani. Mwanzoni aliyachukia yale mapipa. Baadaye aliyapenda kwa sababu moja tu.

Fundi alikuwa amepata kazi ya kulaza mabomba kwenye mradi wa mbali, mbali kiasi kwamba mtu akienda, hurudi kuwaona wanawe mara moja kwa mwaka akijaliwa. Lori la kuwachukua mafundi lingeondoka mwisho wa mwezi. Fundi hakutaka kwenda, lakini kazi za mtaani zilikuwa zimekauka. Hapo ndipo mwenye mgahawa alipotamka neno: akiuona moto wa makombo kwa macho yake, basi anataka mtambo mkubwa nyuma ya jiko lake, ambako mabaki ya wateja yalijaza ndoo kila jioni hadi akachoka kuyalipia yakatupwe, na wenzake wenye migahawa wangefuata. Moto ukiwaka, mume anabaki. Usipowaka, lori.

Mwenye mgahawa, mtu wa mwili na wa maneno machache, alipangusa suruali yake akaaga. "Siku ukiwaka, niite," alimwambia Fundi. "Lakini niite ukiwa unawaka. Usiniite ukiwa unakaribia."

Mchana kutwa Fundi alilizunguka pipa lake. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja, kama afanyavyo fundi yeyote wa mabomba, na povu halikuvimba popote. Mpira ulikuwa mzima, koki nzima. Na hilo ndilo lililomvunja moyo, maana kitu kilichoharibika mtu hukitengeneza, lakini kitu kizima kisichofanya kazi utakitengeneza nini? Kabla ya hapo alikuwa amebuni mashine ya kumenya viazi iliyomenya na vidole, na feni ya kukaushia nguo iliyozirusha kwa majirani. Hizo zilishindwa kwa kelele. Hili pipa lilishindwa kimyakimya.

Wakati wa chakula cha jioni, kitindamimba wao, binti mwenye maswali mengi kuliko meno, aliuliza kwa nini pipa limegoma. Baba yake akaweka tonge chini.

"Humo ndani kuna wadudu wadogo sana, mwanangu, macho hayawaoni," alisema. "Tuliwatoa kwenye kinyesi cha ng'ombe. Wao ndio wanaokula makombo, wakishiba wanatoa hewa, kama wewe ukila maharage. Mwanzo walikula vizuri, pipa likapanda. Sasa sijui wamepatwa na nini. Ni kama wamekufa."

Watoto walicheka hadi wakapaliwa kwa sababu ya maharage. Mama Sabuni alirudisha tonge lake sahanini.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alipita penye pipa na kumimina humo kifuniko kimoja cha dawa ya kusafishia wodi. Siku za joto, viwili. Pipa lilikuwa limeanza kutoa harufu, na mama mwenye nyumba alishasema akiisikia tena mapipa yatalala barabarani. Kwa hiyo Mama Sabuni akaona amlinde mumewe. Dawa ile aliijua kama viganja vyake. Kazi yake duniani ilikuwa moja, kuua kila kijidudu kisichoonekana kwa macho, na haikuwahi kumwangusha.

Angenyamaza, nani angejua? Wazo hilo lilimpitia, akalitazama vizuri, likamtia aibu. Akapiga moyo konde.

"Baba watoto," alisema, "hao wadudu wako nimewaua mimi."

Akaeleza yote, kifuniko kwa kifuniko, macho kwenye sahani. Fundi alimsikiliza mdomo wazi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo pipa langu ni zima?"

"Pipa ni zima. Mwenye makosa ni mimi."

"Na mpira mzima? Na koki?"

"Si umesema mwenyewe ni vizima?"

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. Halafu akaangua kicheko, kicheko cha kweli safari hii, kilichomtoa machozi na kumfanya ashike ukuta. Alimwambia mkewe hajui amempa habari gani, kwamba tangu asubuhi alikuwa akijiona fundi bure, kumbe ufundi upo, ila ulioshwa. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema akijifuta macho, "ila hawakuniambia nguo yenyewe itakuwa imefuliwa na kupigwa pasi."

Mama Sabuni akacheka huku akilia. Kisha akatangaza kwamba kuanzia kesho pipa lile ni lake.

Na kweli likawa lake. Walilimwaga lote kwenye shimo la takataka, wakalisuuza na kulisuuza kwa maji matupu hadi Mama Sabuni mwenyewe, akinusa, hakuisikia tena dawa. Kisha akaenda kwa muuza maziwa mwenye ng'ombe nyuma ya barabara, akarudi na ndoo kichwani na harufu iliyomtangulia. Akajifunga kibwebwe, akapandisha mikono ya gauni, na mbele ya wapangaji wote akaingiza mikono hadi viwiko, akivunja mabonge ya kinyesi kwenye maji kama mtu anayekanda unga. Kinyozi alimwacha mteja kitini, amenyolewa upande mmoja, akaja kujionea.

Mama mwenye nyumba alitoka akiwa ameshachaji maneno. Alipoona ni nani aliyeinama pale, maneno yakamwishia.

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye uko humo?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama," alijibu Mama Sabuni bila kuinuka. "Nipe hadi siku ya lori. Moto usipowaka, nitayatoa mapipa kwa mikono hii hii."

Mama mwenye nyumba aliitazama mikono hiyo akarudi nyuma hatua moja. Akasema sawa, hadi siku ya lori, na mapipa yaondoke nalo.

Kuanzia hapo ua ukapata askari. Mama Sabuni alikagua kila ndoo ya makombo iliyoletwa. Iliyopitiwa na povu la kuoshea vyombo ilirudi ilikotoka, na aliyeileta alipewa somo la wadudu na maharage hadi mwisho. Maganda aliyakatakata vipande vidogo kwanza, kwa kuwa, alisema, hata mgonjwa hapewi nyama nzima. Na jicho lake likaanza kuona mambo. Kinyozi, ambaye alikuwa kapera na alipika wali kana kwamba anategemea ugeni, alileta sufuria nusu. Mama Sabuni akamrudishia. Alimwambia hicho ni chakula, si makombo, akipashe kesho asubuhi, pipa si jalala la watu wasiojua kukadiria mchele. Kinyozi akanung'unika, akapasha, akala, na wiki iliyofuata akapika kidogo. Chumba cha pili wakaanza kulowesha mikate yao mikavu kwenye maziwa badala ya kuitupa, kwa kuogopa tu kuulizwa. Ndoo zikawa zinakuja na kile kinachostahili: maganda, maganda ya kweli, mifupa ikiwa imetolewa pembeni.

Na pipa likapanda.

Kitindamimba ndiye aliyeliona kwanza, kwa sababu alikuwa amechora alama ya chaki ubavuni mwa lile dogo, usawa wa ukingo wa lile kubwa, na kuilinda kama mboni ya jicho. Alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani na mashuka. Chaki ilikuwa imeinuka juu ya ukingo, upana wa kidole. Mama Sabuni alilishika pipa kwa viganja viwili, akalisikia likimsukuma kidogo, na furaha ikampanda hadi akakosa pa kuiweka. Alimbusu binti yake, akambusu mke wa chumba cha pili, nusura ambusu kinyozi.

Lakini hewa ya kwanza huwa haiwaki, Fundi alisema, ni lazima iachiwe. Alipofungua koki na pipa likashuka taratibu, likirudi lilikotoka, Mama Sabuni aligeuka akatazama ukuta. Siku zilizofuata alikwenda kazini akili ikiwa uani. Alifuta vitanda vya wagonjwa kwa dawa ile ile na kuiambia kimoyomoyo ibaki huku huku.

Asubuhi ya lori ilifika. Begi la Fundi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Mama Sabuni alikuwa ameamka kabla ya wote na kufua, kamba nzima imejaa, lakini Mama Sabuni kufua si habari, hakuna aliyegeuza shingo. Watu wote macho yao yalikuwa kwa pipa. Lilikuwa limepanda hadi chaki ikawa usawa wa kiuno cha mtu.

Fundi akafungua koki. Kisha, badala ya kuchutama, akamkabidhi mkewe kiberiti.

Mama Sabuni akaikwaruza njiti ya kwanza kwa nguvu, ikavunjika. Ya pili ikawaka. Akaisogeza. Jiko likasema *puu*, taratibu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na moto wa bluu ukazunguka duara lote, safi, bila moshi, bila harufu. Halafu ua mzima ukalipuka kwa vigelegele, kinyozi akacheza, na mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa na desturi ya kukaribia mapipa, akawa amekaribia kuliko wote. Mama Sabuni akatua birika juu ya moto huku machozi yakimtiririka, akamwambia kitindamimba akimbie mgahawani, akaseme unawaka, haukaribii.

Binti hajafika hata kona, honi ya lori ikalia nje.

Ililia tena, ndefu zaidi. Mwishowe msimamizi wa mradi akaingia mwenyewe, mtu wa haraka, akasema mafundi wote wamepanda na anayesubiriwa ni mmoja. Fundi akamwonyesha moto. Msimamizi akausifu, akasema moto mzuri, lakini makubaliano ni makubaliano. Fundi akatazama lango. Mwenye mgahawa hakuonekana. Msimamizi, kwa kuokoa muda, akashika begi la Fundi alipeleke mwenyewe garini. Alilinyanyua kwa nguvu ya begi lililojaa, nalo likapaa hadi usoni kwake, nusura limtoe kofia.

Akafungua zipu. Begi lilikuwa tupu. Hata soksi haimo.

Watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kuitazama kamba. Mashati ya Fundi yalikuwa pale, suruali zake zote, ovaroli ya kazi, fulana, hadi leso, zinachuruzika maji.

"Zilikuwa chafu," alisema Mama Sabuni.

Msimamizi alikuwa bado na begi tupu mkononi mwenye mgahawa alipoingia anahema, aproni bado kiunoni, binti akimvuta mkono. Hakusalimu mtu. Aliuchungulia moto, akapitisha kiganja juu yake, akakirudisha haraka. Akauliza huo unatokana na nini, akaambiwa maganda tu. Akamtazama Fundi, akasema kwamba jiko lake lina makombo ya kulisha mapipa kama hayo kumi, na kama fundi hana safari waende wakapime sehemu sasa hivi.

"Sina safari," alisema Fundi. "Sina hata nguo."

Msimamizi alikunywa chai ya moto wa makombo, akakiri kwamba haina tofauti na chai nyingine, akaenda zake na lori. Watu walipopungua, Fundi alisimama kando ya mkewe, chini ya kamba, maji yakiwadondokea wote wawili mabegani.

"Na kama moto ungekataa?" aliuliza.

"Wangesubiri nguo zikauke."

"Na zikikauka?"

Mama Sabuni aliinyoosha ovaroli vizuri kwenye kamba, mfuko kwa mfuko.

"Ningezifua tena," alisema. "Sabuni ninayo."