Malipo ya Kila Tarehe Ishirini na Tano

Josephat alimwambia mkewe Melania anakwenda Kobero kumwona rafiki, kisha akapanda basi la Gitega. Ulikuwa uongo mdogo wa mapenzi. Tangu arudi Muyinga mwaka uliopita, baada ya miaka kumi na minane katika kambi za Tanzania, alikuwa akila jasho la mwanamke, na hilo lilimkera kuliko njaa. Kabla vita havijawatenganisha alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kahawa, akikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee. Sasa uzee umefika, naye alitaka pensheni yake imtibu Melania macho, ambayo yalikuwa yakififia.

Ofisi ya pensheni huko Gitega ilikuwa na kompyuta mpya. Karani wake, Efrazia, alipokea kitambulisho, akaandika jina na namba ya kazi, akamweleza kwamba mashine hii ukiiagiza mara moja, inapeleka pesa benki kila mwezi bila kukumbushwa. Josephat akaipenda mashine palepale. Halafu Efrazia akaacha kuandika.

"Muzee, huku iko inaonyesha we ulishakufa."

Josephat akacheka. "Huko kambini nilikufa mara nyingi, binti yangu. Andika tu."

"Uliacha mjane, anaitwa Melania. Kila tarehe ishirini na tano mashine inamutumia franga zake. Miaka kumi na moja sasa."

Kicheko kikamkauka. Melania alimwambia zile anazoleta nyumbani kila mwezi ni pesa za ndizi. Kumbe ukoo ulishaganduka: walikusanyika, wakanywa pombe ya kumaliza msiba wake, mashahidi wakaenda ofisi ya komini, cheti cha kifo kikatoka. Na ni mwanamke gani angemweleza mume aliyerudi mzima kwamba pombe hiyo aliionja? Melania aliona haya, akanyamaza. Naye Josephat, kwa ujanja wake wa kuficha safari, amekuja mwenyewe kumchongea. Alijichukia pale kitini.

"Basi niache nimekufa," alisema. "Futa ulichoandika."

"Siwezi, muzee. Kitambulisho kimeshaingia. Mashine yenyewe imesimamisha malipo ya mama."

"Na zile alizokwisha kula?"

"Zitakatwa ku pensheni yako, zote. Mpaka ziishe hamupati kitu, we wala mama." Efrazia hakumtazama. "Miaka sita hivi."

Josephat alikuwa na miaka sitini na tisa. Alishukuru, maana alilelewa kushukuru, akatoka.

Jioni alifika nyumbani akashindwa kusema. Asubuhi ilikuwa tarehe ishirini na tano. Melania alijifunga kitenge kizuri, akasema anapeleka ndizi sokoni, ingawa kikapu kilikuwa na chane moja tu. Alipapasa mlango akatoka. Josephat alikuwa na nafasi ya kumwita mpaka alipopotea kwenye kona ya njia, na aliitumia yote kutazama miguu yake mwenyewe. Mtu mzima huyo, aliyevuka mpaka wa hofu mara mbili, alimwogopa mkewe.

Mchana Melania alirudi, mkono ukutani. Hakuketi karibu naye.

"Baba Elias," alimwambia mumewe, kwa sauti ya watu wanaopelekeana habari za msiba, "ku banki wanasema we uko hai."