Nani Aanike Nguo

Mume alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Mke alikuwa fundi wa magari. Kwa hiyo, bila kikao wala ugomvi, kazi za nyumbani zikamwangukia aliyekuwa nyumbani. Mume alipika, alipiga deki, aliwaogesha watoto, na alifua. Tena alifua hasa, si kuzitia nguo majini na kuzitoa. Kola za mashati ya shule zilitoka mikononi mwake nyeupe pe.

Ila jambo moja lilimshinda, nalo ni kuanika. Kufua alijifungia bafuni jioni, redio akaifungulia sauti ili wapangaji wenzake wasisikie maji. Lakini kamba ilikuwa uani, mbele ya macho ya kila mtu, na usiku nguo hazikuachwa nje kwa sababu ya wezi. Basi kila asubuhi mke, ovaroli mwilini, alibeba beseni akaanika, majirani wakamsifu kwa uchapakazi, kisha akatoka mbio kwenda kazini, kachelewa. Walikuwa wameuzoea uongo huo mpaka wakausahau kuwa ni uongo.

Sasa mwenye karakana akamfanya mke msimamizi, akamkabidhi ufunguo wa geti. "Kuanzia Jumatatu unafungua wewe," alimwambia. "Siku mafundi wakikuta limefungwa, ufunguo nampa mwingine." Na mwingine alikuwapo, tena mate yalikuwa yanamdondoka.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kuwatembelea. Siku ya tatu alijifunga kanga yake iliyotoka kufuliwa, akainusa, akamgeukia mke. "Mwanangu, hapa nimepata mkwe. Nguo zinafuliwa zikafulika!" Mke akasema asante mama, huku uso unamwaka. Mume aliinamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Jumapili jioni akamfuata mkewe jikoni.

"Mke wangu, anika wewe tu mpaka mama aondoke."

"Anaondoka lini?"

"Hajasema."

"Na geti nani anafungua?"

"Si uamke mapema kidogo?"

Damu ikamchemka mke. Mwanamume anayekata kitambaa cha suti ya bwana harusi bila mkono kutetemeka, leo anaogopa kamba ya nguo! Na anataka woga wake ulipiwe kwa cheo cha mkewe. Alitamani amrushie sufuria. Badala yake akaenda kulala.

Asubuhi alilitoa beseni, akalitua katikati ya uani. Wanawake walikuwa bombani wanajaza ndoo, na mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, anakunywa chai.

"Baba watoto!" aliita, kwa sauti ile ya karakana inayoshinda injini. "Nguo zako ulizofua hizi hapa! Njoo uanike, mimi nakwenda kazini!"

Bomba likaachwa linamwagika. Mama mkwe akashusha kikombe.

"Alizofua nani?"

"Mwanao, mama. Zote. Na kanga zako anafua yeye."

"Ee Mungu wangu! Umemlisha nini mwanangu?"

"Mimi simlishi kitu, mama. Mpishi ni yeye."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Mume alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Mke aliogopa, tusifichane. Alijua mumewe akitamka tu kwamba mke wangu ana utani, atakuwa amemuuza mbele ya watu, na kesho na keshokutwa beseni litakuwa lake, na ufunguo wa mwingine. Lakini aliapa moyoni kwamba hatainama kuliokota, hata nguo zioze humo humo. Akachukua mkoba wake, akaanza kwenda.

Nyuma yake akasikia shati likikung'utwa, pa! Akageuka. Mume alikuwa kambani, mikono inamtetemeka, anabana bega la shati kwa kibanio.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "watu wanakutazama."

"Wamechelewa, mama!" Alisema kwa hasira iliyolala siku nyingi. "Miaka yote mimi ndiye ninayefua, halafu sifa anapewa yeye!"

Mke akasimama palepale. Alidhani mwenzake anaona haya tu. Kumbe kila alipopongezwa yeye uani, mtu alikuwa ndani anaumia. Alitaka kurudi, aseme neno. Uani kulikuwa kumeshalipuka kicheko, mama mkwe analalamika, na jirani mmoja anauliza kwa sauti ni sabuni gani hiyo, shemeji. Mume akamwona mkewe bado kasimama pale.

"Wewe nenda," alimfokea. "Mimi hapa nina kazi."

Akaenda. Mafundi walipofika karakana, walikuta geti limeshafunguliwa wazi pande zote mbili.