Honi ya Baba

Binti wa dereva wa treni alikuwa sasa mtaalamu wa mazingira, na kazi iliyomwangukia ilikuwa kukagua reli ileile ya marehemu baba yake, kabla treni za abiria hazijarudishwa. Wakazi walishasema wazi kwamba hawataki honi karibu na nyumba zao. Yeye kuliandika hilo kwenye ripoti kukamshinda. Zamani baba akipita nyuma ya kwao alipiga honi mara mbili, naye na nduguze wakatoka mbio kumpungia mikono, wakiwaringia majirani.

Jioni alimfuata mama yake jikoni. "Mama, nikipendekeza honi zisipigwe mtaani na vivuko vya reli viwekewe vizuizi badala yake, si nitakuwa nimemsaliti baba?"

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Thubutu! Nyinyi mkikimbilia nje, mimi nabaki kumbembeleza kitinda mimba aliyeshtuka usingizini. Nilimgombeza baba yenu mpaka nikachoka. Andika zisipigwe, mwanangu."

Binti naye akacheka, huku machozi yakimlengalenga. Akafungua kompyuta yake palepale, kando ya vitunguu, akaandika.

Mama alirudi kukatakata, kisha mkono ukapunguza kasi. "Ila alivyokuwa akichungulia kwenye dirisha la treni na lile tabasamu lake," alisema, "hasira zote zilikuwa zinayeyuka."

Wakakaa wakimzungumzia baba, hili likizaa lile, mpaka mboga zilizokuwa motoni zikaungua na hakuna aliyejali.