Zamu ya Vaileth Kusoma

Jumamosi hiyo jumuiya ya Kikatoliki ya mtaa ilikuwa inasali kwa Bibi Kokuberwa, kule Boko, na moyo wake haukutulia. Mjukuu wake Vaileth, aliyepata mimba kabla ya ndoa, alikuwa amejifungia chumbani.

"Bibi, mie kanisa basi! Mama Edgar wa jumuiya yetu kanitangaza mtaa mzima."

"Mama Edgar siye Yesu, mjukuu wangu. Njoo usome wewe, umsikie mwenyewe."

Vaileth akatoka, akasoma habari za mwanamke aliyekuwa karibu kupigwa mawe. Alipofika pale washtaki walipoondoka mmoja mmoja, akaacha kusoma, akamkazia macho Mama Edgar aliyekuwa amesimama kwa kukosa kiti. Bibi akaibana rozari, akiomba lisitoke neno.

Vaileth akamaliza somo. Kisha akasogeza kiti chake.

"Kaa, mama. Miguu itakuuma."