Nafasi Karibu na Kichwa cha Mama

Kapya alisimama mlangoni, viatu mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni kama tulivyofunga sisi sote, na hakuna aliyesogea.

Katikati ya sebule Mama Mwenze alilala ndani ya jeneza lililo wazi, uso wake umekuwa mdogo kuliko nilivyouzoea. Sisi wanawake tulimzunguka mkekani, bega kwa bega. Nje, chini ya turubai, wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki. Ndivyo kilio cha msiba kilivyo kwetu, mtaa wa Ruashi: mwanamume huingia, humtazama marehemu, hufanya ishara ya msalaba, hutoka. Mwanamke hukaa. Na binti hukaa karibu na kichwa cha mama yake mpaka jeneza lifungwe.

Mama Mwenze alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Samaki hao aliwafuata mbali, hadi Kasomeno. Kila mtu sokoni alijua kwamba aliwahi kuwa na mwana wa kiume, ambaye siku hizi hatajwi, na kwamba ana binti anayetengeneza simu mjini Kolwezi. "Binti yangu amenisalimia," alikuwa akisema huku akipanga samaki, uso umenawiri. Tulihesabu watoto wawili. Sasa wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni, mtu mmoja: Kapya.

Na jambo hilihili tulikuwa tumeligombania Jumamosi iliyotangulia, katika chama chetu cha wanawake, na Mama Mwenze akiwa ameketi palepale. Tulitakiwa kutoa maoni: je, sheria imruhusu mtu kubadilishiwa jinsia iliyoandikwa kwenye vyeti vyake? Mama Joséphine, wakili, alisema ndiyo. Mama Deborah, mwenye nyumba ya kuwapokea wanawake waliokimbia vipigo, alisema hapana. Wawili hao ndio waliokianzisha chama. Wamekwishalala mahabusu pamoja, wakagawana kanga moja kujifunika.

"Neno mwanamke ndilo paa letu, dada," alisema Mama Deborah. "Tumelijenga kwa machozi. Mume aliyemvunja mtu mkono akija mlangoni pangu na cheti kipya, nitamzuia kwa nini?"

"Na anayelowa sasa hivi?" Mama Joséphine alimjibu. "Askari anamwomba kitambulisho barabarani. Anakisoma, anamtazama, anacheka. Baada ya kicheko, wewe mwenyewe unajua kinachofuata. Umewauguza wangapi?"

"Wengi. Ndiyo maana naogopa."

"Ndiyo maana nami naogopa."

Mama Mwenze ndiye aliyetupumzisha. "Nyinyi wawili," alisema, "hata bukari ya ku sahani mutaiuliza kwanza: iko ya kike ao ya kiume?" Tukacheka hadi machozi. Yeye alicheka baada yetu, kidogo.

Ilipofika kura, mkono wangu niliuinua pamoja na Mama Deborah. Nilikuwa nimelala katika nyumba yake nikiwa na mimba ya Nono, na usingizi wa kwanza nilioupata mle sitausahau: usingizi wa kutosikiliza nyayo. Aliyenipa usingizi ule, ningewezaje kumnyima mkono? Kabla ya Jumamosi nyingine kufika, Mama Mwenze alianguka jikoni kwake, na presha ikamchukua.

"Kapya." Alikuwa Baba Léonard, mdogo wake marehemu, aliyesimamia msiba. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. "Banaume iko inje. Pita, angalia mama yako, utoke. Tusifanye haya ku kilio."

Kapya alitikisa kichwa. Hakutoka, wala hakuingia.

Niliwatafuta wakubwa wetu kwa macho. Mama Joséphine alifungua kinywa, akakifumba. Baadaye aliniambia aliogopa kuligeuza jeneza kuwa mahakama. Mama Deborah aliitazama mikono yake. Pale karibu na kichwa cha Mama Mwenze, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kukaa, nilikuwa nimemlaza Nono wangu, amesinzia. Macho ya Kapya yalishuka hadi pale, yakatua juu ya mwanangu. Hayakuomba kitu. Yalimtazama tu, kama mtu anayetazama dirisha la nyumba aliyozaliwa.

Jumamosi ile, hoja ilipotajwa, nilimwona mawazoni mwanamume kama niliyemkimbia, amejificha nyuma ya karatasi. Yeye yule bado namwogopa. Ana kiti chake moyoni mwangu na sijui lini atainuka. Lakini aliyekuwa mlangoni hakuwa yeye. Alikuwa mtu aliyefiwa na mama. Nilimfikiria Nono, siku nitakapokuwa nimelala hivi, halafu mtu amwambie: pita, tazama, toka.

Nikamwinua Nono. Akaamka, akalia kwa nguvu zake zote.

"Karibu, Yaya," nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Mutale!" Baba Léonard aliniita. "Unajua kile unafanya?"

"Hapana, Baba," nilisema, na ilikuwa kweli. "Namupisha mufiwa tu."

Baba Léonard aliutazama uso wa dada yake kwa muda mrefu, kisha akarudi nje kwa wanaume.

Kapya alipita katikati ya magoti yetu, akaketi. Kitenge chake kililegea alipokunja miguu, na mkono uliojitokeza kukikaza ulikuwa wa Mama Deborah. Alikifunga fundo mara mbili, kwa ukali kidogo, kama anavyowafunga wanawake wote wanaomfikia wakitetemeka.

"Sijabadili neno langu la Jumamosi," alisema, bila kumtazama Mama Joséphine.

"Sikukuuliza, dada."

"Utaniuliza."

"Nitakuuliza," alisema Mama Joséphine, akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

Kapya aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mama yake. Kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya chini kabisa, isiyojificha. Ilipita sakafuni kabla ya kufika masikioni, niliisikia mapajani. Nje, viti viliacha kukwaruza. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile mkekani kwetu, na kwa pumzi nzima hakuna aliyejua amfuate vipi. Halafu, sijui nani alitangulia, sauti zetu nyembamba zilishuka moja moja, zikatua juu ya ile yake, naye akatubeba.

Nono alinyamaza. Aliegemea kifua changu, macho ameyafungua sana, na kila Kapya alipovuta pumzi na kuita tena, niliihisi sauti ile ikitetema katika mbavu ndogo za mwanangu, ikipita humo, ikiingia katika zangu.